Jeni za kinga katika saratani ya tezi dume: mbinu za uchambuzi utakaosimama

Umepewa mada ya jeni za kinga katika saratani ya tezi dume. Una kompyuta na una intaneti. Hivyo vinatosha kuanza leo usiku, maana data zipo bure na programu zipo bure. Maabara yako mwenyewe si lazima kwa sasa.

Kitu utakachokihitaji zaidi ni umakini. Makala za mada hii ni nyingi na njia yao inafanana: mtu anachagua jeni, anatengeneza alama ya hatari, anachora michoro mizuri, anatangaza ugunduzi. Jibu linakufa siku mwenzake anapolijaribu kwa wagonjwa wengine. Wewe lenga jibu ambalo mgeni, akiwa na wagonjwa wake mwenyewe, atalirudia na kulikuta palepale. Hatua zote zifuatazo ni za kukufikisha huko.

1. Ujue uvimbe kabla ya kugusa data

Saratani ya tezi dume kwa kawaida huwa na seli T chache ndani yake. Ndiyo sababu watafiti huuita uvimbe huu "baridi". Mara nyingi utakuta makrofaji na seli zinazotuliza kinga zimejipenyeza humo, huku seli T zenye kazi ya kuua zikiwa haba.

Majaribio ya dawa za kinga yalionyesha ugumu huo. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya ipilimumab kwa wanaume 799 ambao saratani ilikuwa imefika kwenye mifupa na tayari walikuwa wametumia docetaxel. Muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 11.2 kwa waliopata ipilimumab na 10.0 kwa wenzao. Kitakwimu, tofauti hiyo haikutosha.

Wapo wachache wanaonufaika na tiba ya aina hiyo. Kundi mojawapo ni wenye hitilafu katika mfumo wa kurekebisha makosa ya DNA, inayoandikwa MSI-H au dMMR kwenye ripoti. Katika uchunguzi mmoja wa Marekani walipatikana 32 kati ya wagonjwa 1,033 wa saratani ya tezi dume. Tangu 2017 pembrolizumab imeruhusiwa nchini humo kwa uvimbe wenye hitilafu hiyo, popote ulipoanzia. Kundi jingine linalofuatiliwa ni la wenye jeni ya CDK12 iliyoharibika.

Kwako wewe hii ina maana moja ya kazi: tegemea ishara ndogo za kinga. Ishara ndogo humezwa upesi na uzembe wowote katika data. Kwa hiyo usiruke hatua.

2. Andika swali lako kwa mstari mmoja

"Nafasi ya jeni za kinga katika saratani ya tezi dume" ni mada, bado haijawa swali. Swali linataja watu, kipimo na matokeo.

Mfano: "Je, wanaume wenye seli plasma nyingi kwenye uvimbe wa awali hukaa muda mrefu zaidi kabla PSA haijapanda tena baada ya upasuaji?" Hapo unajua nani unamchunguza, unapima nini na unasubiri tukio gani.

Liandike kabla hujafungua data. Weka tarehe. Mtumie msimamizi wako kwa barua pepe. Ukija kukuta jambo jipya njiani, liripoti kama jambo ulilokutana nalo njiani, wala usilibadilishe kuwa swali la mwanzo.

3. Tazama kwanza mtandaoni, bando lisiishe bure

Ingia cBioPortal. Tafuta tafiti za tezi dume, chagua ile ya TCGA, andika majina ya jeni chache: CD8A kwa seli T za kuua, FOXP3 kwa seli T za kutuliza, CD68 na CD163 kwa makrofaji, MS4A1 kwa seli B. Ndani ya saa moja utajua kama swali lako lina uhai.

Kisha nenda Human Protein Atlas. Huko utaona picha za tishu ya tezi dume zilizotiwa rangi, protini kwa protini. Angalia jeni yako inawaka wapi: kwenye seli za kinga, kwenye misuli, au kwenye seli za saratani zenyewe. Jambo hili litakuokoa sana mbele.

Kama mtandao wako ni dhaifu, chukua majedwali yaliyokwisha kuandaliwa kutoka UCSC Xena. Ni madogo na yanafunguka kwenye kompyuta ya kawaida. Kazi nzito ipeleke Google Colab au Galaxy.

4. Pakua data sahihi na uzihesabu

Chanzo kikuu ni TCGA-PRAD, kwenye tovuti ya GDC. Ina sampuli za RNA takriban 500 za saratani na 52 za tishu ya kando isiyo na saratani. Nyingi zilitoka kwa wanaume waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa tezi wakati saratani haijasambaa.

Soma msimbo wa kila sampuli. Alama 12 za mwanzo, vistari vikiwemo, ni mgonjwa. Zinazofuata zinataja aina ya tishu: 01 ni uvimbe wa awali, 06 ni saratani iliyohamia kwingine, 11 ni tishu ya kawaida. Tenganisha mapema. Mgonjwa mwenye sampuli mbili asihesabiwe kama watu wawili.

Pakua aina mbili za namba. Hesabu ghafi ni za kulinganisha makundi kwa DESeq2 au limma-voom. TPM ni za kukadiria seli za kinga. Ukiipa DESeq2 namba za TPM umeharibu kazi, hata kama programu itakubali kukupa jibu.

Andika tarehe ya kupakua na toleo la GDC. Toleo likibadilika, namba nazo zinaweza kubadilika.

5. Chagua tukio lenye idadi ya kutosha

Hapa wengi huanguka. Katika TCGA-PRAD, kati ya wagonjwa 500 waliofuatiliwa, waliofariki ni 10 tu. Saratani hii ikigunduliwa mapema huenda polepole, na wagonjwa hawa hawakufuatiliwa muda mrefu. Modeli ya kutabiri kifo kwa vifo 10 haiwezi kusimama, hata mchoro wake uvutie vipi.

Tumia muda wa kukaa bila ugonjwa kuendelea, unaoandikwa PFI. Jopo lililopanga upya data za kliniki za TCGA mwaka 2018 lilipendekeza hivyo kwa tezi dume, na lilionya dhidi ya kutumia vifo. Jedwali lao lipo wazi kwa kila mtu. Chukua PFI kutoka humo, usijitungie.

Hesabu matukio yako kabla ya kuchagua idadi ya jeni. Kanuni ya mkono: angalau matukio 10 kwa kila jeni unayoiingiza kwenye modeli ya Cox. Kama una matukio 60, jeni 15 ni nyingi mno.

6. Linganisha saratani na tishu ya kawaida kwa haki

Anza na jeni ambazo jibu lake linajulikana. AMACR inapaswa kupanda kwenye saratani. GSTP1 inapaswa kushuka. Zikikupa jibu kinyume, umegeuza makundi au umechanganya sampuli. Simama hapo, tafuta kosa.

Tumia jozi. Wengi wa wale wenye tishu ya kawaida wana pia sampuli ya uvimbe wao wenyewe. Kumlinganisha mtu na nafsi yake kunaondoa tofauti za umri, asili na mashine.

Sasa chunga misuli. Tezi dume yenye afya ina tishu nyingi ya misuli laini na nyuzi. Saratani inapojaa seli za tezi, misuli inapungua kwenye sampuli. Matokeo yake, jeni kama MYH11 na DES zitaonekana "zimeshuka", na jeni yoyote inayoandamana nazo itaonekana imeshuka pia. Chemokini inayotengenezwa na seli za nyuzi inaweza kuingia kwenye orodha yako kwa njia hiyo hiyo, bila saratani kuizima.

Dawa yake: kokotoa alama ya tishu unganishi kwa ESTIMATE, kisha angalia kama tofauti uliyoipata inabaki baada ya kuiweka alama hiyo kwenye modeli. Inayobaki ndiyo ya kuandikia.

Mwisho, rekebisha thamani za p. Unapima maelfu ya jeni kwa mpigo mmoja, kwa hiyo tumia FDR ya Benjamini na Hochberg. Weka pia kiwango cha chini cha ukubwa wa mabadiliko. Badiliko dogo sana lenye p nzuri halimsaidii mgonjwa.

7. Chuja orodha ya jeni za kinga

Orodha inayotumiwa zaidi ni ya ImmPort. Ina jeni karibu 1,800 katika makundi 17. Ipakue, ondoa majina yanayojirudia, sawazisha majina ya zamani na mapya.

Kisha isome kwa macho yako. Orodha hiyo ni pana. Ndani yake vimo vipokezi vya homoni, na tezi dume ni kiungo kinachoongozwa na homoni. Jeni ikitoka kwenye orodha ya kinga haimaanishi kwamba kwenye sampuli yako imetoka kwa seli ya kinga.

Kwa kila jeni inayobaki, jiulize swali moja: nani anaitoa? Fungua data za seli mojamoja za saratani ya tezi dume, GSE141445 kwa mfano, au rudi Human Protein Atlas. Andika jibu kwenye jedwali: seli T, makrofaji, misuli, mishipa ya damu, saratani yenyewe. Mfano wa tahadhari ni SDC1. Wengi huitumia kutambua seli plasma, lakini hata seli za tezi zinaitoa. Ukitaka seli plasma, iambatanishe na MZB1 na jeni za kingamwili.

8. Kadiria seli za kinga kwa zana zaidi ya moja

Sampuli ya RNA imesagwa yote pamoja. Unachofanya ni kama kuonja pilau na kukisia viungo vyake: iliki unaitambua, lakini huwezi kuapa zilikuwa punje ngapi. Makadirio ya seli yachukulie hivyo.

CIBERSORT, iliyotoka 2015, inatumia jedwali la LM22: jeni 547 na aina 22 za seli. Ipe namba ambazo hazijabadilishwa kuwa logi. Acha sampuli zenye p ya 0.05 au zaidi, na useme umeacha ngapi. Kwa uvimbe baridi kama huu, zinazoachwa zinaweza kuwa nyingi. Taarifa hiyo ina thamani, iandike.

Kumbuka pia kuwa majibu ya kawaida ya CIBERSORT ni sehemu ya jumla ya moja. Makrofaji wakiongezeka, seli T zitaonekana zimepungua hata kama idadi yao ni ileile. Usiseme "seli T zilipungua" kwa msingi huo peke yake.

MCP-counter na xCell hutoa alama. Zinafaa kulinganisha mgonjwa na mgonjwa kwa aina moja ya seli. Hazifai kusema mgonjwa ana makrofaji wengi kuliko seli T. EPIC na quanTIseq zinakadiria sehemu halisi, kwa hiyo zinaruhusu ulinganisho wa pande zote mbili. Kifurushi cha immunedeconv kwenye R kinaendesha nyingi kati ya hizi kwa amri moja.

Kanuni yangu: matokeo yaonekane kwa zana mbili au tatu zilizojengwa kwa njia tofauti. Yakionekana kwa moja tu, yaweke kwenye kiambatisho. Aina ndogo ndogo kama makrofaji M1 na M2 zikaribie kwa tahadhari zaidi, maana jeni zao hupishana.

Ongeza hatua ya mwisho rahisi. Chora uhusiano wa alama ya CIBERSORT ya seli T za kuua na wastani wa CD8A na CD8B. Visipoelekea upande mmoja, kuna tatizo.

9. Tengeneza alama ndogo, na usiiruhusu ikariri

LASSO kwenye kifurushi cha glmnet ni chaguo zuri. Yenyewe inapunguza idadi ya jeni. Tumia mgawanyo wa mara 10, weka set.seed, kisha rudia kwa mbegu nyingi tofauti. Jeni inayotokea kila mara ina nguvu. Inayotokea kwa mbegu moja na kupotea kwa nyingine ilipita kwa bahati, iache.

Fungia mtihani nje. Kama unagawa data kuwa mafunzo na mtihani, gawa kabla ya kuchagua jeni yoyote. Ukichagua jeni kwa wagonjwa wote kisha ukagawa, modeli imeshaona majibu. Itafaulu kwako na itaanguka kwingine.

Usitafute mpaka unaopendeza. Zipo amri zinazojaribu kila mpaka kati ya "hatari kubwa" na "hatari ndogo" hadi zipate p ndogo kabisa. Ziache. Tumia alama kama namba endelevu, au gawa kwa thamani ya kati uliyoiamua mapema.

Sasa jaribio ambalo wachache hulifanya. Okota jeni ovyo, idadi sawa na za kwako, mara 1,000. Kila mara tengeneza alama. Yako inashinda ngapi kati ya hizo? Mwaka 2011 watafiti waliochunguza saratani ya matiti walionyesha kuwa hata makundi mengi ya jeni zilizookotwa ovyo yalihusiana na muda wa kuishi. Kama alama yako haizidi za kuokota, bado huna ugunduzi wa kinga.

10. Ijaribu kwa wagonjwa ambao hujawahi kuwaona

Hiki ndicho kiini cha kazi nzima. Ipe siku za kutosha.

Anza na GSE21034, data za Memorial Sloan Kettering zilizochapishwa 2010. Zina uvimbe wa awali 131, na taarifa za PSA kupanda tena zipo. Ongeza GSE70769 kutoka Stockholm. GSE116918 ina sampuli 248 za wanaume waliotibiwa kwa mionzi.

Soma tafsiri ya tukio katika kila seti. Baada ya upasuaji, PSA ya 0.2 ng/ml au zaidi kwa kawaida ndiyo inayohesabiwa kuwa saratani imerudi. Baada ya mionzi kipimo kingine hutumika: PSA kupanda kwa 2 ng/ml juu ya kiwango chake cha chini kabisa. Hayo ni matukio mawili tofauti. Usiyamimine kwenye mchoro mmoja.

Beba jeni zilezile na uzito uleule ulioupata TCGA. Usifundishe upya. Mashine zinatofautiana, kwa hiyo sawazisha kila jeni ndani ya seti yake. Usichanganye seti zote kwa ComBat kisha ukaita moja yake mtihani.

Ikishindwa, andika imeshindwa. Chunguza sababu: jeni fulani haipo kwenye chipu, wagonjwa ni wa hatua nyingine, tukio ni jingine. Ripoti ya kushindwa iliyoelezwa vizuri inamzuia mwenzako kupoteza mwaka mzima.

11. Ipambanishe na anachokijua daktari tayari

Daktari wa mfumo wa mkojo ana PSA, alama ya Gleason, hatua ya uvimbe na hali ya kingo za upasuaji. Hivyo vinatabiri vizuri na bei yake ni ndogo. Alama yako lazima iongeze kitu juu yake.

Weka vyote kwenye modeli moja ya Cox. Kisha linganisha modeli mbili: ya kliniki pekee, na ya kliniki pamoja na alama yako. Onyesha C-index ya kila moja na mpaka wa makosa yake. Ongezeko dogo sema ni dogo.

Jua pia washindani. Decipher inatumia jeni 22. Oncotype DX ya tezi dume inatumia 17. Vipimo hivi vimejaribiwa kwa makundi mengi ya wagonjwa. Ukiandika kwamba chako kiko tayari kwa kliniki, utaulizwa kimeshindana navyo wapi.

12. Uliza ni nani wamo kwenye data

Wagonjwa wengi mno wa TCGA-PRAD ni wazungu. Lakini Marekani kwenyewe, wanaume weusi wanafariki kwa saratani hii karibu mara mbili ya wazungu. Na kwetu Kenya na Tanzania, tezi dume iko mstari wa mbele kati ya saratani za wanaume. Anayehitaji jibu zaidi ndiye asiyeonekana kwenye jedwali.

Kwa upande wa kinga, suala hili ni la lazima. Utafiti uliochapishwa 2021 ulikuta seli plasma nyingi zaidi kwenye saratani ya tezi dume ya wanaume weusi, na wingi huo uliambatana na matokeo mazuri zaidi. Kwa hiyo alama ya kinga iliyojengwa kwa kundi moja inaweza kukosea kwa kundi jingine.

Fanya mambo matatu. Ripoti asili ya wagonjwa kwenye jedwali la kwanza. Jaribu alama yako kando kwa wanaume weusi, hata kama mpaka wa makosa utakuwa mpana. Fuatilia kazi za MADCaP, muungano wa watafiti wa saratani ya tezi dume kwa wanaume wenye asili ya Afrika, pamoja na tafiti zilizofanywa Uganda kupitia Makerere. Usidai kwamba matokeo yanawahusu Waafrika wote kwa sababu ya Wamarekani weusi wachache. Afrika ni pana, na mazingira yake ni mengi.

13. Mtafute mpatholojia mapema

Hospitali kubwa za kwetu huhifadhi vipande vya tishu kwenye nta ya parafini. Hapo ndipo unapoweza kuhakiki kwa mkono. Kupaka rangi ya CD8, CD68 au CD138 hakuhitaji kusoma RNA, na mpatholojia anaona seli iko wapi: katikati ya saratani, pembeni yake, au kwenye tishu ya jirani. CIBERSORT haiwezi kukuambia hilo.

Mwendee ukiwa na karatasi moja. Iwe na swali, jeni mbili au tatu, idadi ya vipande unavyohitaji na kazi yake ndani ya utafiti. Mpe nafasi ya mwandishi, si shukrani tu. Mkubaliane njia ya kuhesabu kabla ya kutazama kioo cha kwanza, na ikiwezekana wahesabu watu wawili wasiojua matokeo ya mgonjwa.

Kibali kitafute mapema. Data za wazi za TCGA hazina majina, ila chuo chako kinaweza kutaka barua ya msamaha wa maadili. Iombe. Ukigusa tishu za wagonjwa wa hapa, pitia kamati ya maadili ya taasisi. Tanzania NIMR inahusika, Kenya utahitaji leseni ya NACOSTI, Uganda UNCST. Anza mchakato huo siku unapoanza uchambuzi, maana kibali kina foleni yake.

14. Andika kwa kipimo

Tumia maneno yanayolingana na ushahidi. Sema "inahusiana na", usiseme "inasababisha". Sema "seli zilizokadiriwa", usiseme "seli zilizohesabiwa". Zana zinazotabiri nani atanufaika na dawa za kinga nyingi zilifundishwa kwa saratani nyingine, zikiwamo melanoma. Kwa tezi dume, zichukue kama dokezo tu.

Weka skripti zako mahali pa wazi. Ambatanisha sessionInfo ya R, mbegu ulizotumia na orodha ya sampuli ulizoziacha na sababu zake. Mwombe mwenzako aendeshe skripti kwenye kompyuta yake kabla hujatuma makala. Ikikwama kwake, itakwama kwa mhakiki.

Punguza michoro. Mitano inayojibu swali lako inatosha: jeni zilizobadilika, makadirio ya seli kwa zana tofauti, alama kwenye TCGA, alama kwenye seti za nje, na ulinganisho na taarifa za kliniki. Mingine yote peleka kiambatisho.

Mpango wa wiki ya kwanza

Jumatatu andika swali na ulitume kwa msimamizi. Jumanne tazama jeni zako cBioPortal na Human Protein Atlas. Jumatano pakua TCGA-PRAD na jedwali la PFI, hesabu sampuli, hesabu matukio. Alhamisi pima AMACR na GSTP1. Ijumaa pakua GSE21034, ihifadhi kwenye folda yake, na usiifungue hadi alama yako iwe imekamilika.

Jumamosi mpigie mpatholojia. Akikuuliza utafiti huu utamfaa nini mgonjwa aliyeko wodini, mjibu kwa sentensi moja. Ukishindwa kuipata sentensi hiyo, rudi hatua ya pili na ulinoe swali lako kabla hujaendelea.